Mama Vidole: Alikanda mikate miaka 22, sasa anakanda magole ya kuku

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mlango wa chumba cha ushonaji uko wazi nusu, taa ndogo ya cherehani inawaka, na mwanamke mfupi aliyevaa aproni nyeupe amepiga magoti sakafuni mbele ya kuku.

Hamshiki kwanza. Anafumba macho, midomo inachezacheza bila sauti, kisha anauliza bila kugeuka, "Hajala kitu?"

"Hajala, dada," anajibu fundi cherehani, ambaye amesimama kando akiisokota tepu yake ya kupimia kama mtu anayetaka kuikamua maji.

"Hata punje?"

"Hata punje. Nimelala hapahapa nikimlinda."

"Na mimi nimelala peke yangu," inasikika sauti ya mke wa fundi kutoka uani. "Miaka thelathini na moja ya ndoa, nimekuja kuachiwa kitanda kwa ajili ya kuku!"

Mwanamke wa aproni anatabasamu kidogo, lakini mkono wake umeshafika kifuani kwa kuku. Chini ya shingo, upande wa kulia, ndipo lilipo gole, yaani kile kifuko ambamo chakula hukaa kwanza kabla ya kushuka kwenye firigisi. Vidole vitatu vinalizunguka taratibu, vinasimama, vinarudi.

"Gumu," anasema. "Kama jana."

Fundi anashusha pumzi na kukaa juu ya mtumba wa vitambaa. Ni asubuhi ya tatu sasa anasikia neno hilohilo.

Mwanamke huyu ana umri wa miaka 58, ni mama wa watoto watatu waliokwisha kujitegemea, na katika mitaa minne inayozunguka nyumba yake hakuna anayemwita kwa jina lake. Wote, wakubwa kwa wadogo, humwita Mama Vidole. Kazi yake ni kuwatembelea kuku wa watu majumbani kila asubuhi na kuwatibu magole yaliyoziba, yaliyochacha au yaliyolegea.

Anawatibu zaidi kuku wanaofugwa mmojammoja au wawiliwawili, wale wenye majina, wanaoingia sebuleni na kulala chini ya kiti cha mwenye nyumba.

"Watu wananiuliza, 'Mama, kwa nini uhangaike na kuku mmoja, si achinjwe tu?'" anasema. "Nawajibu, mimi sikuitwa na mchinjaji. Nimeitwa na mtu anayempenda huyu kuku. Akiamua kumla, hilo ni lake. Akiniita mimi, nakuja kutibu."

Kabla ya kazi hii alikuwa mkandaji katika kiwanda kidogo cha mikate. Alikanda unga kwa mikono miaka 22, akianza kazi saa tisa usiku na kumaliza watoto wakienda shule. Kisha mwenye kiwanda akanunua mashine.

"Ile mashine ilimaliza kwa dakika kumi na mbili kazi yangu ya asubuhi nzima," anakumbuka. "Sikuichukia. Niliiangalia ikizunguka, nikasema moyoni, basi, Mungu ana kazi nyingine kwa hii mikono. Ila sikudhani ni kuku!"

Alianza kuuza chakula cha kuku katika vifuko vidogo mbele ya nyumba yake. Wateja walikuja na maswali mengi kuliko pesa. Huyu kuku wake hali, yule wake ananuka mdomo, mwingine kifua kimening'inia kama mkoba. Mama Vidole akawa anawashika tu, kwa mazoea ya mkandaji, na mikono ikaanza kutofautisha.

Hadi leo anawafundisha wenye kuku kwa kutumia vitu wanavyovijua. Gole lililoshiba, anawaambia, ni kama donge la unga wa mkate lililoumuka, unabonyeza na linarudi. Gole lililochacha ni kama mfuko wa plastiki wenye maji, na harufu yake inakupiga kabla hujainama. Gole lililoziba ni kama unga uliosahaulika mezani siku mbili.

Halafu anawaambia lililo kubwa kuliko yote: gole hupimwa asubuhi, kabla kuku hajala. Usiku kucha chakula hushuka. Kuku mzima huamka na gole tupu.

"Wengi hukosea hapo," anasema, na safari hii anacheka waziwazi. "Mwalimu mmoja alinijia saa kumi na mbili jioni anahema. Kuku amefungwa kitambaa shingoni na kupakwa dawa ya kuchua misuli, mpaka macho yanamtoka machozi. 'Mama, ana uvimbe!' Namshika, nasikia mahindi. Nikamwambia, mwalimu, huyu haumwi. Huyu ameshiba."

Malipo yake kwa kuku mmoja hayazidi bei ya mikate miwili. Asubuhi njema huwaona kuku saba, mbaya hamwoni hata mmoja. Kuku akifa, hachukui kitu.

Kuna kifo kimoja ambacho hajakisahau. Yapata miaka minane iliyopita, binti wa jirani, msichana wa miaka tisa, alimletea kuku mwenye gole lililochacha, limejaa maji. Mama Vidole alikuwa amesikia kwa watu kwamba dawa ni kumning'iniza kuku miguu juu na kumkamua mpaka maji yatoke mdomoni. Akafanya hivyo. Maji yalitoka kweli, lakini mengine yaliingia kwenye njia ya hewa. Kuku akatapatapa mara mbili, akatulia.

"Yule mtoto hakulia," anasema, na sauti yake inashuka. "Alimwangalia kuku alivyotulia, akaniuliza, 'Ameshapona?'"

Kwa wiki tatu hakumgusa kuku wa mtu. Kisha akaenda kujiandikisha katika masomo ya jioni ya afya ya mifugo, mara mbili kwa wiki, kwenye darasa ambalo kila mwanafunzi mwingine angeweza kuwa mwanawe. Walimwita bibi, wakamwachia kiti cha mbele kwa sababu ya macho, na wakanakili kwake, maana yeye hakuandika kifupi hata neno moja.

Tangu hapo amejiwekea sharti, na hulirudia kama mtu anayesoma maandishi ukutani: "Kitu ambacho mkono wangu haujafundishwa, mkono wangu haukifanyi."

Wiki chache zilizopita, katika chumba cha fundi cherehani, sharti hilo lilimbana kuliko wakati wowote.

Kuku wa fundi anaitwa Bosi. Ni jike la rangi ya kahawia, mwenye umri wa miaka minne, na jina alilipata kwa tabia yake ya kuzunguka chumba chote kila asubuhi kabla ya kupanda kwenye kapu la vipande vya vitambaa, ambamo pia hutagia. Wateja wakija kupimwa, hushuka na kuwakagua viatu.

Miaka miwili iliyopita fundi alivunjika mguu akakaa nyumbani miezi saba. Cherehani ilifunikwa shuka. Wateja wakahamia kwa mafundi wengine.

"Wateja wote walihama," anasema fundi. "Huyu hakuhama. Kila siku alikuwa anapanda pale kitandani, anakaa karibu na huu mguu. Mimi nilikuwa na mawazo mabaya siku zile, sikufichi. Ukiwa na mawazo yale halafu kiumbe kikakuangalia kikisubiri ukipe punje, unanyanyuka. Unanyanyuka tu."

Jumanne alimkuta Bosi amejikunyata, undu wake mwekundu wa kichwani umepauka, kifua kimejaa. Mama Vidole alipoitwa alipima, kisha akainuka na kuanza kuangalia sakafu badala ya kuku.

"Fundi, hapa chini unafagia mara ngapi?"

"Mara moja. Jioni."

"Basi jioni unafagia wewe, na mchana kutwa anafagia Bosi."

Fundi hakuelewa mara moja. Mkewe alielewa, akashika kiuno. "Nyuzi!" alisema. "Mama wee, anakula nyuzi!"

Ilikuwa dhana tu, lakini Mama Vidole alianza tiba. Alitumia bomba la sindano lisilo na sindano, akamdondoshea Bosi pembeni mwa mdomo mafuta kidogo ya kupikia na maji ya uvuguvugu, tone kwa tone, kichwa kikiwa juu. Kisha alimkanda, dakika kumi, mara nne kwa siku. Nafaka ilipigwa marufuku. Jumatano asubuhi gole lilikuwa gumu. Alhamisi, ambayo ndiyo asubuhi ya aproni nyeupe na taa ya cherehani, lilikuwa gumu bado, na Bosi alikuwa mwepesi kiasi kwamba mifupa ya kifua ilichoma kiganja.

"Hiki kitu hakiyeyuki," Mama Vidole anamwambia fundi siku hiyo. "Ni lazima kitolewe. Ni lazima apasuliwe."

Fundi haulizi la pili. Anafungua droo, anatoa mkasi mdogo wa kukatia matundu ya vifungo, sindano mbili na uzi wa hariri, anavipanga mezani juu ya kitambaa safi, kisha anamwita mkewe alete maji yaliyochemka.

"Kata," anasema. "Wewe kata, mimi nishone."

"Fundi..."

"Nimeshona suti za maharusi, dada. Nimeshona mahema! Nitashindwa na ngozi ya kuku?"

"Suti haitoki damu."

"Na mimi watu nitawaambia nini?" anauliza mkewe, birika mkononi. "Kwamba mume wangu ameacha kushona nguo, sasa anashona kuku?"

Hakuna anayecheka. Mama Vidole anauangalia mkasi. Anajua mahali pa kukata, amepaona kitabuni. Anajua pia kwamba daktari wa mifugo yuko mbali na kwamba Bosi hana siku nyingine mbili. Anaunyanyua mkasi, anaupima uzito.

"Nitakwambia ukweli," anasema baadaye akimsimulia mwandishi. "Mikono iliniwasha. Nilisema, ukikata akipona, utaitwa daktari mtaa mzima. Hapo ndipo nilipojiogopa. Nikamwomba Mungu anipe mkono wa kuurudisha ule mkasi."

Aliurudisha. Alipiga simu.

Daktari wa mifugo, dada wa miaka kama thelathini anayehudumia eneo lote hilo peke yake, alipokea akiwa zizini, ng'ombe akizaa kwa shida. Alisema atafika alasiri. Alisema Bosi apewe maji kidogo tu. Na kabla ya kukata simu akaongeza kwa sauti iliyosikika chumba kizima: "Na fundi aweke huo mkasi mbali."

"Amejuaje?" fundi aliuliza.

"Si wewe wa kwanza, baba," ilijibu simu.

Zilibaki saa nane za kusubiri. Mama Vidole aliahirisha kuku watano waliokuwa wakimsubiri siku hiyo, akakaa. Fundi hakushona hata pindo moja. Mteja alikuja kuchukua suruali yake, akakuta haijaanzwa, akafungua mdomo kulalamika, akamwona Bosi, akaufunga.

Mke wa fundi, aliyekuwa amepiga domo tangu asubuhi, alionekana amekaa chini kwenye kigoda akimpepea kuku nzi kwa kipande cha kitambaa. Alipoona anatazamwa alisema, "Nzi wananikera tu."

Saa tisa na robo daktari aliingia na matope hadi magotini. Alinawa, akamgusa Bosi, akamtazama Mama Vidole na kutikisa kichwa kwa kukubaliana. "Siku tatu za mafuta na kukanda, bila kumgeuza miguu juu? Umefanya sawasawa. Ungemkata mwenyewe na huo mkasi ningemkuta ameshakwenda. Nani atamshika?"

Fundi alinyoosha mikono. Lakini macho alikuwa ameyafumba. Mama Vidole akamsogeza kwa bega, taratibu, akamshika Bosi yeye mwenyewe.

Daktari alichoma ganzi, akang'oa manyoya machache, akakata ngozi kwa urefu wa ukucha wa kidole gumba, kisha akakata gole lenyewe. Aliingiza koleo ndogo na kuanza kuvuta. Kikaja kipande, kikafuata kingine, na mwishowe likatoka donge zima, ukubwa wa ndimu, limesokotana, linanuka.

Aliliweka ndani ya bakuli na kulimwagia maji. Rangi zikaanza kuonekana.

Fundi aliinama. "Hii bluu ni ya sare za shule, za mwezi wa kwanza," alisema polepole. "Hii nyeupe ni ya wauguzi. Hii ya dhahabu ni ya lile gauni la yule bibi harusi aliyelirudisha mara tatu." Aligusa uzi mmoja kwa ncha ya kidole. "Mimi ndiye niliyemlisha."

"Hukumlisha," mkewe alisema. "Hukufagia. Ni tofauti." Akasita. "Si tofauti kubwa, lakini ni tofauti."

Daktari alishona tabaka mbili, la ndani kwanza, kisha la nje. Fundi, hata katika hali ile, alishindwa kujizuia. "Daktari, mbona unaiachanisha mishono hivyo?"

"Nikiibana sana, ngozi inakosa damu, inakufa."

"Aaa," alisema fundi, na hakuuliza tena, kama fundi anavyonyamaza mbele ya fundi mwingine.

Daktari hakuahidi kitu. Alisema usiku wa kwanza ni mgumu na wa pili ndio utakaoonyesha. Kama gole linapitisha, asubuhi ya Jumamosi litakuwa tupu. Kama halipitishi, hatampasua mara ya pili, kwa sababu kuku hana nguvu za kuvumilia.

Ijumaa asubuhi Bosi alikuwa hai, na hilo ndilo pekee lililoweza kusemwa. Jioni alikunywa uji mwepesi vijiko viwili. Fundi alitaka kuongeza cha tatu, mkewe akamnyang'anya kijiko.

Jumamosi, saa kumi na mbili na dakika ishirini, Mama Vidole alipofika aliwakuta wote wawili wameketi mlangoni. Hawakuwa wamemgusa kuku. Waliogopa kujua.

Alipiga magoti. Midomo ikachezacheza. Siku hii alikaa muda mrefu kuliko kawaida, mpaka mke wa fundi akakohoa.

Vidole vitatu vikaingia chini ya shingo, mbali na mshono. Vikazunguka. Vikatafuta. Vikarudi tena, kana kwamba havikuamini.

"Tupu," alisema.

"Tupu nini?" fundi aliuliza.

"Gole. Ni tupu. Limeshuka lote."

Fundi aliteremka kutoka kwenye kizingiti akakaa sakafuni, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto. Mkewe ndiye aliyepiga kigelegele, akajiziba mdomo kwa kukumbuka mgonjwa, kisha akakimbilia jikoni kutafuta uji na njiani akapiga kelele kwamba kuanzia leo chumba hiki kitafagiwa kila saa, na atakayebisha atalala humu yeye na kuku wake.

Mtu mwingine angeishia hapo, akachukua sifa zake, akaenda. Mama Vidole alitoka nje na kumpigia simu daktari. Alimpa habari za Bosi, kisha akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Siku ya somo la kupasua, mwanangu, nilisingizia kuumwa kichwa," alisema. "Nilitoka darasani nikakaa kwenye ngazi mpaka wakamaliza. Mwaka wa pili nikafanya vilevile. Cheti changu hakina somo hilo. Watu wananisifu eti najua mipaka yangu. Mipaka mingine si mipaka, ni woga. Alhamisi nilirudisha mkasi na nilifanya vizuri, lakini saa nane zile nilimshika yule kuku anaisha mikononi mwangu, nikasema, hapana, hili ni langu kulirekebisha."

Daktari alimwambia mtihani wa somo hilo uko mwezi wa kumi na moja. Kabla ya hapo, aje kliniki kila Jumatatu, aanze kwa ngozi za kuku kutoka buchani, na akishaiva atashika mkasi, daktari akiwa amesimama kando.

Fundi alipotaka kumlipa, Mama Vidole alikataa pesa za siku zote hizo. Aliomba malipo ya namna nyingine.

Ndiyo maana sasa, kila alasiri baada ya kazi, mwanamke huyu wa miaka 58 huketi kwenye kigoda katika chumba cha ushonaji kilichofagiwa mpaka kinang'aa, miwani puani, akishona ngozi ya kuku wa buchani iliyotandazwa juu ya ubao. Bosi anamtazama kutoka kwenye kapu, ambalo siku hizi lina vitambaa vizimavizima bila nyuzi.

"Mikono bado inatetemeka," anakiri. "Sijui kama nitafaulu. Naomba Mungu anijalie umri na macho. Nataka ifike siku mtu aniletee kuku aliyeziba, asubuhi, hajala, nami nisimwambie asubiri."

Fundi anainama juu ya bega lake, anakagua kwa jicho moja.

"Huo wa tatu umekwenda upande, dada," anasema. "Fumua."

Mama Vidole anafumua, anatunga uzi upya, anaanza tena.